Safari za Akina Mama Kwenda Ukerewe, na Mzee Aliyetufuata

Vijana mliochukua kazi yangu mmeniomba niandike namna ya kuwapeleka akina mama kisiwani na kuwarudisha wakiwa wazima. Mmeniomba kwa heshima, na soda mmeleta. Nashukuru. Lakini nawajua, mnataka mambo ya kushika mkononi: kamba iwe ya namna gani, gari litoke saa ngapi, boti ikodiwe kwa nani. Hayo nitayasema. Mengine mtayapata mkisoma kwa subira, maana mtu akistaafu hana mzigo wa kubeba zaidi ya maneno, na magoti yangu yameshayakataa mawe ya Ukerewe.

Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Cheo nilikuwa nacho kimoja, kiongozi wa safari, na nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alichoka.

Mimi ni binti wa Malampaka. Baba yangu alikuwa kibarua wa reli, na nyumbani kwetu treni ya Mwanza ikichelewa, na chakula cha jioni kilichelewa. Kazi nilianzia jikoni, kwenye nyumba ya wageni pale Lamadi, nikiwapikia madereva wa malori na wazungu waliokuwa wanakwenda kuangalia nyumbu. Siku moja akaingia mwanamke mrefu, kavaa suruali ya michezo na kilemba, akala, akanawa, kisha akauliza ni nani aliyesonga ule ugali. Nikajua nimeharibu, nikatoka jikoni nimeshika kitambaa kama mtu anayekwenda kuomba msamaha. Akanitazama mikono, si uso. Akasema, "Una mikono ya kuogelea. Utafanya kazi na mimi."

Huyo ndiye Bi Zuhura. Alikuwa mtu wa Kigoma, alikulia kwenye maji, akaletwa Bariadi na serikali kufundisha michezo. Akaona kipindi cha michezo kikifika watoto wanapewa majembe, akavumilia miaka yake, akaacha. Akanunua gari kuukuu la watu wanane na mizigo, akaanza kuwachukua wanawake wa huku kwetu kwenda kisiwani siku chache: walimu, manesi, wenye maduka, wa maofisini halmashauri, baadaye hata wakulima wa pamba. Watembee kwenye mawe, wapige kasia, waogelee, wakandwe mgongo, walale. Watu walimcheka sana. Mwanamke atoke Bariadi aende Ukerewe kulala? Kwani kwake hakuna kitanda? Yeye aliwajibu kwamba mwanamke wa Simiyu anajua kulima, kuuza, kuchunga na kuzaa, ila hajui kulala mchana, na hilo linafundishwa kama somo lolote.

Safari yangu ya kwanza niliagizwa jambo moja tu: nihakikishe hakuna mama anayenyanyua kitu. Nikaona ni kazi nyepesi. Tulipita Lamadi, Bunda, mpaka Kisorya, tukavuka na kivuko, tukafika kwa Tekla. Tekla ni mwenyeji wetu wa miaka yote, mjane wa Kikerewe mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vichache karibu na ufukwe wa mawe, na mdomo usiolala. Asubuhi yake naamka, vitanda vyote vitupu. Nikatoka mbio nikidhani wamezama. Wawili wanafagia uwanja wa Tekla, watatu wako jikoni wamemtoa mpishi nje, na nesi mmoja wa Bariadi yuko shambani anapalilia mihogo ya watu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawakusubiri hata kifungua kinywa. Tekla alikuwa amekaa kizingitini na chai yake, akaniuliza kwa utulivu kabisa kundi lijalo linakuja lini.

Bi Zuhura hakukasirika. Alikaa akafikiri, na kundi lililofuata likaja na utaratibu mpya ambao mpaka leo ninyi mnaufuata bila kujua ulikotoka. Kila mama aje na mwiko wake. Jioni ya kwanza wote wapike, wasonge, wabishane ugali wa nani umeiva na wa nani una mabonge, mpaka waridhike. Kisha miiko yote inaoshwa, inafungwa kwa kamba fungu moja, inaning'inizwa juu darini jikoni kwa Tekla, na haishuki mpaka siku ya kuondoka. Mkimwambia mama "pumzika" atakudharau. Mkimfungia mwiko anacheka, halafu anakaa, na saa sita mchana mnamkuta amelala mdomo wazi. Msiuache utaratibu huu.

Sasa vifaa. Maboya ya kuvaa yawe na kamba za kufunga katikati ya mapaja, si kifuani peke yake, maana akina mama wetu wana vifua na boya linapanda mpaka masikioni. Filimbi ya chuma, ya plastiki inapasuka. Mafuta ya nazi ya kutosha kukanda migongo minane, na muwe na ya akiba, maana wapo wanaoyapikia. Ndala za kufunga nyuma kwa ajili ya mawe. Kuogelea ni kwenye mawe na mawimbi, kamwe si kwenye matete, huko kuna konokono wa kichocho na mengine yenye meno. Waulizeni wavuvi kila asubuhi, hata kama mliwauliza jana. Na msimruhusu mtu aingie majini na dera. Dera likiingia maji linajaa hewa, mama anageuka puto, kichwa chini miguu juu. Niliwahi kumvuta karani wa halmashauri kwa ncha ya dera lake huku anacheka na kunywa maji kwa pamoja. Taiti na fulana, basi. Mwenye hijabu avae inayobana, wapo washonaji wazuri pale Bariadi.

Lakini kazi yenyewe, ile niliyofundishwa na Bi Zuhura kwa miaka, ni kumwelesha mtu chali. Kuogelea kunakuja baadaye. Kwanza mtu ajue kwamba maji yanaweza kumbeba. Unasimama maji ya kiuno, unamlaza, unaweka kiganja chini ya mgongo wake bila kumshika. Mtu akishikwa anakaza. Kiganja kiwepo tu, akijua kipo. Unamwambia avute pumzi, aitoe kidogo kidogo huku anataja jina lake. Jina linatoka, bega linalegea, shingo inalegea, na unasikia kwenye kiganja uzito unapungua. Hapo ndipo unaondoa mkono, na humwambii. Nimewaelesha wanawake wengi mno, na bado kila mara moyo wangu ulikuwa unaruka pale uzito unapoondoka.

Na jina lenyewe liwe lake. Hiyo ilikuwa sheria ya Bi Zuhura ya pili. Huku kwetu mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini. Ni Mama Kulwa, Mama Neema, Mama fulani mpaka kufa, na wengine nimewauliza jina lao wakanyamaza kwanza wakilitafuta. Kwa hiyo jioni ya kwanza, kabla ya kupika, tunakaa duara na kila mtu anasema jina alilopewa na wazazi wake, na siku zote za kisiwani anaitwa hilo. Akina mama walikuwa wanaona aibu, halafu wanafurahi. Nimeona mwalimu mkuu mzima akiitwa Kabula na kutokwa machozi. Bi Zuhura alipostaafu akaniachia gari, maboya, Tekla na sheria hiyo, na mimi niliishika kama amri ya kanisani. Niliishika mpaka alipokuja Mama Masanja.

Aliletwa na Mwajuma, mfanyabiashara wa Binza pale Maswa, mwenye duka la vyombo na kanga. Mwajuma alikuwa mteja wetu wa mara kwa mara, na safari hiyo akasema atakuja na rafiki yake anayemuuzia choroko, mkulima wa kata ya Sola, mtu mzima, mtulivu. Wakaja. Mwembamba, mrefu kiasi, kanga mbili safi, begani mfuko wenye michembe ya viazi na mwiko wake. Alinisalimu kwa kupiga goti ingawa tulikuwa rika moja. Mwajuma alikuwa akimwita Mama Pili.

Jioni tukakaa duara. Mwajuma akasema mimi Mwajuma. Mmoja wa halmashauri, mtu wa Bukoba mcheshi sana, akasema mimi Anitha na nina njaa. Ikafika zamu ya yule mama, akasema, "Mimi Mama Masanja." Nikamweleza sheria kwa upole. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema tena, Mama Masanja. Nikacheka, nikamwambia mayu, yaani mama, huku hakuna mama wa mtu, tumewaacha wote nyumbani, sema jina ulilopewa na baba yako. Akasema kwa sauti ndogo kwamba baba yake alimpa Minza. Basi tukamwita Minza, naye hakuitika. Si kwa jeuri. Unamwita anakaa, kana kwamba umemwita wa chumba cha pili. Mimi nilikuwa nimeudhika kidogo, nikajisemea huyu mkaidi, atalegea. Sikuangalia uso wa Mwajuma, aliyekuwa anachora chora mchangani kwa kidole.

Kesho yake tukaingia majini. Wengine walipiga kelele zao za kawaida, Anitha akaapa amekanyaga mamba, ilikuwa ndala yake mwenyewe. Nikamchukua Minza mwisho. Alilala kwenye maji bila woga hata kidogo, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu wa Sola anayejua maji ya lambo la ng'ombe tu. Nikaweka kiganja, nikamwambia avute pumzi na ataje jina lake. Akafumba macho. Akasema, "Masanja." Pumzi ikatoka. "Masanja." Na uzito ukaondoka pale pale kwenye kiganja changu, haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwelesha. Akaelea. Machozi yakawa yanatoka pembeni mwa macho yanaingia masikioni, naye anaendelea kutaja jina la mtoto. Sikuwa na sheria ya jambo hilo.

Tulipotoka tukakaa kwenye jiwe, akanieleza. Masanja alikuwa mtoto wake wa kwanza. Mwaka juzi aligongwa na lori kwenye barabara ya Maswa akiwa na pikipiki yake ya bodaboda, akafa hapo hapo. Baba yake, Mzee Luhende, alimzika, akafunga matanga, na tangu siku hiyo jina la Masanja halijatoka kinywani mwake. Hakukataza kwa maneno. Ila mtu akilitaja, mzee anasimama anakwenda zizini, na anakaa huko mpaka watu walale. Majirani wakaelewa. Wakaanza kumwita yeye Mama Pili, kwa mtoto wa pili, na mumewe Baba Pili. Mume mwenyewe akawa anamwita "wewe". Chakula hiki, wewe. Ng'ombe wametoka, wewe.

Akaniambia, "Nilikuwa Mama Masanja tangu nikiwa msichana. Alipokufa nilidhani nimebaki na hilo jina angalau. Nalo wamelizika. Halafu nimekuja huku kupumzika, na wewe ukaniambia niliache."

Nilimshika mkono. Akaendelea kusema kwamba ameshakata shauri. Gari likifika Maswa, wakati wa kurudi, hatashuka kwenda Sola. Anaomba nimpeleke Malampaka kwa dada yake, akae huko. Hajagombana na mtu, hajapigwa, hana kesi. Hawezi tu kuishi nyumba inayojifanya mtoto wake hakuwahi kuzaliwa. Aliniuliza kama gari linaweza kufika Malampaka. Nikamwambia linaweza.

Bi Zuhura alinifundisha kutomshauri mwanamke kabla hajala akalala, na akishakula na kulala, mara nyingi hahitaji ushauri. Kwa hiyo sikumshauri. Nilikwenda kwa wenzake, nikawaambia tangu sasa huyu ni Mama Masanja. Mwajuma alianza kulia. Alilijua jambo lote, ila alidhani kumtajia ni kumtonesha kidonda. Na ninyi vijana, sheria ya jina tangu siku hiyo ni hii mnayoikuta: usimwambie mtu jina lake, muulize anataka kuitwa nani, na umwite hilo.

Siku iliyofuata, jua limepanda vizuri, nakunja kamba ufukweni, namwona mzee anashuka kutoka njiani. Koti zito, fimbo ya kuchungia, makatambuga ya tairi miguuni, vumbi mpaka magotini. Akina mama walikuwa ndio kwanza wanatoka majini. Walipomwona mtu mzima wakasahau walivyovaa, wakapiga magoti mchangani na taiti zao na maboya shingoni, maji yanachuruzika, wakamwamkia, "Mwadila, baba." Anitha hakujua Kisukuma, akapiga goti vile vile. Mzee akaitikia huku amegeuza uso upande wa mihogo, maskini, hajui aangalie wapi. Mmoja tu hakutoka. Mama Masanja alibaki amesimama kwenye maji ya kiuno.

Mzee akauliza kiongozi ni nani. Nikasema ni mimi. Akasema, "Mayu, sijaja kwa ugomvi. Nimekuja kuuliza kama mke wangu amesafiri au ameondoka."

Nikamwambia karibu baba, amesafiri, kwani mkewe hakumuaga? Akasema alimuaga vizuri, na yeye aliridhia. Lakini jioni aliingia jikoni kutafuta moto, akakuta mwiko haupo mahali pake. Kwao Sola, akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto, mwanamke akienda msibani anaacha mwiko, akienda kujifungua anaacha mwiko. Akitoka nao, hiyo si safari. Alikaa na pengo lile usiku mzima, kisha akaenda Binza dukani kwa Mwajuma, mdogo wake Mwajuma akamwelekeza. Hakuwahi kuvuka maji maishani mwake.

Kwa kweli nilicheka kwa furaha. Nikamshika mkono nikampeleka jikoni kwa Tekla, nikamwonyesha juu darini lile fungu la miiko. Nikamweleza utaratibu wetu, kwamba kila mama anaambiwa aje na wake, si yeye peke yake, tazama, hii hapa yote. Akainua mkono akaugusa mwiko wa mkewe, aliutambua kwa ncha iliyoungua. Akashusha pumzi ndefu mpaka koti likalegea. Akasema kumbe ni utaratibu. Akaanza hata kutabasamu. Mimi nikawa nimeshajipa pongezi kwamba nimeokoa ndoa ya watu kabla ya chakula cha mchana.

Tulipogeuka, mkewe amesimama mlangoni, kanga imelowa.

Akasema, "Huyu mama hana kosa. Utaratibu ulisema mwiko, haukusema mwiko ule. Dukani kwa Mwajuma ipo mipya tele. Nimechukua ule nilioingia nao kwako."

Mzee akamtazama. Akamuuliza amemkosea nini mpaka amwambie mbele ya watu. Akajibiwa kwamba hajamkosea kwa mkono wala kwa chakula. "Lakini nyumbani mwako sina jina, na mtoto wangu hana. Nikitoka hapa nakwenda Malampaka kwa dada. Nikisikia siku moja umelitaja, nitarudi mwenyewe, hutanifuata." Alisema bila kupandisha sauti. Kisha akamwangalia miguu, akauliza kama amekuja kwa miguu kutoka kivukoni.

"Sipandi zile," mzee akasema.

Pale kivukoni usafiri ni bodaboda. Alikuwa ametembea asubuhi yote, mtu wa umri ule, jua lile, pikipiki zinampita zinampigia honi. Mama Masanja akaelewa kabla yetu. Akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa.

Chakula kikatengwa. Kwetu, kila anayekula chungu kimoja na sisi anasema jina lake kwanza, mgeni ni wa mwisho. Ilizunguka. Mwajuma, Anitha, wengine, kisha Mama Masanja, akalitaja jina lake hilo wazi wazi. Ikafika kwa mzee. Tulikuwa tumeshanawa, mikono inatudondoka maji. Alifungua mdomo. Niliona kabisa jina la Masanja limefika kooni. Akafunga mdomo, akasimama, akachukua fimbo akatoka. Mkewe hakumwita. Alimega tonge, akalishikilia, hakulila.

Nilimfuata. Nilidhani anarudi kivukoni, nikamkuta amekaa kwenye jiwe analitazama ziwa. Nilikaa mbali kidogo. Akasema ile pikipiki ya kijana aliinunua yeye. Kijana alitaka kubaki na ng'ombe, yeye ndiye aliyemshinikiza aende, ng'ombe hawana hela ya haraka, nenda barabarani. Alisema akilitaja lile jina anasikia sauti yake mwenyewe ikisema nenda barabarani. Nilimuuliza kama mkewe analijua hilo. Akasema hajui. Nikamwambia mimi si mchungaji wala shehe, mimi kazi yangu ni maji, lakini kama mkewe angelijua hilo asingebeba mwiko. Simlaumu. Kuna maneno ambayo mtu akiyabeba muda mrefu yanaota mizizi.

Mwajuma akamshauri mke wa mzee warudi pamoja siku hiyo hiyo, mzee asirudi peke yake. Mama Masanja akakataa kata kata. Safari yake haijaisha, alisema, na yeye hajawahi kuwa na safari nyingine. Mzee akaulizwa, akasema atasubiri. Tekla akamtandikia kwenye chumba cha mpwa wake. Basi siku iliyobaki tulikuwa na mzee ufukweni, koti limekunjwa pembeni, anawatazama wanawake wanavyojifunza kupiga kasia huku akitikisa kichwa kwa jinsi tunavyozunguka mahali pamoja. Asubuhi ya mwisho tuliingia kuelea. Mkewe alilala chali mbele yake kabisa, hatua chache kutoka alipokaa. Sikuweka kiganja, hakukihitaji tena. Akavuta pumzi. "Masanja." Mzee hakusimama. Nilikuwa namwangalia yeye, si mkewe, na mkono wangu ulikuwa tayari kumwita asiondoke. "Masanja." Aliikamata fimbo kwa mikono miwili, akakaa. Alikaa mpaka mkewe akatoka majini.

Tuliishusha miiko, kila mtu akachukua wake, tukavuka. Garini nilimpisha mzee kiti cha mbele kwa dereva wetu, Shija, mimi nikakaa nyuma na akina mama. Bunda, Lamadi, Bariadi. Pale Bariadi wengi walishuka, tukabaki wachache. Tukashika njia ya Maswa. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, na ninawaambia bila aibu, nilikuwa naomba dereva apate pancha, chochote, ili muda uongezeke.

Maswa tukamshusha Mwajuma. Shija akawasha gari, akauliza sasa tunaelekea wapi, maana nilikuwa nimemwambia Malampaka na mzee anajulikana ni wa Sola. Haikuwa kazi yangu kujibu. Mama Masanja alikuwa anaangalia dirishani, mwiko uko mapajani. Akasema, "Mwulize mzee."

Shija akamgeukia mzee. Mzee alikohoa. Aliangalia mbele barabarani, ile ile barabara ya Maswa, lori moja likapita likatutikisa.

"Tupeleke Sola," akasema. "Kwa Mama Masanja."

Lilitoka limekwaruzwa, nusu sauti, nusu pumzi. Nilimshika Mama Masanja bega. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasogea mbele mpaka akashika mgongo wa kiti cha mumewe.

"Sema tena, baba. Sisi wa nyuma hatujasikia."

Akasema tena.